Betri Mbili za Gari la Bondeni

Nianze na ujinga wangu, maana nikiuacha mwisho mtadhani ni wa mtu mwingine. Nilichukua fyuzi iliyokufa, nikaivika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaipachika mahali pake kwenye gari letu, nikajaribu honi. Honi ikalia. Nikajiona injinia. Pakiti niliiokota pale kwenye pantoni ya Ndundu, sigara sikuvuta, na mama akisoma hapa asikunje uso, ni kweli niliiokota.

Kwa asiyejua, fyuzi ni kiwaya chembamba ambacho kazi yake ni kufa. Umeme ukizidi, kinakatika chenyewe kabla nyaya za maana hazijaungua. Kwa hiyo nilichofanya ni sawa na mtu aliyemkuta mlinzi kafa mlangoni, akachukua gogo, akalivisha kofia ya mlinzi, akaenda zake kulala.

Sasa niseme gari lenyewe. Si gari la kawaida. Lina nyumba mgongoni: kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi lisilo na gesi, sinki lisilo na maji, na kabati ambalo mama huwekea mbegu ya mpunga. Lilikuwa la wataalamu waliokuja kuhesabu mikoko. Usiku walikuwa wakilala ndani yake Kibiti, wakiogopa kunguni wa gesti, asubuhi wanashuka kupanda boti za Kiongoroni. Baba alikuwa dereva wao. Mradi ulipoisha wao walipanda ndege, gari wakamwachia baba.

Baba akapata kazi nyingine upesi, kwa sababu siku hizi kila mwenye lori ni tajiri na kila tajiri anatafuta dereva. Anapeleka mitumba na sabuni Lindi, anarudi na korosho Dar es Salaam. Huko Dar akapata na mke mwingine. Mke mwingine akapata nyumba ya tofali. Mama akapata gari.

Mama alifua mapazia ya gari hilo, akayatundika tena.

Kwetu mvua za mwanzo zikinyesha watu hushuka bondeni kwenye mpunga, na kila kaya hujenga dungu, kijumba cha miti juu ya nguzo ndefu, maji yakija yapite chini na nguruwe wapite pembeni. Ukiwa dunguni kazi yako ni kuwinga ndege. Kamba zinatoka dunguni kwenda pande zote za shamba, zimetundikwa makopo yenye kokoto. Ukivuta, makopo yanapiga kelele, ndege wanaruka. Wanakwenda kutua kwa jirani. Jirani anavuta zake, wanarudi kwako. Hivyo ndivyo majirani wanavyosalimiana kule bondeni, kutwa nzima.

Sisi hatukujenga dungu. Baba alilishusha gari wakati wa kiangazi, njia ikiwa kavu, akaliegesha kwenye kichuguu kipana kilichosawazishwa kwa jembe, akamwambia mama, "Hili ndilo dungu lako, tena lina godoro. Nitakuja kulipandisha barabarani kabla maji hayajafika."

Kabla ya kuondoka akatuita mbele ya gari, akafungua boneti. Akasema gari hili lina betri mbili. Ya mbele ni ya gari lenyewe: stata, honi, taa kubwa. Ya nyuma ni ya nyumba: taa ndogo, feni, redio.

"Ni kama wake wenza," akasema. "Kila mmoja na chungu chake. Ukianza kuchota kwa huyu ukampa yule, utalala njaa kwa wote wawili."

Mimi nikamtazama mama. Mama alikuwa anapeta mchele. Ungo ulisimama kidogo tu, halafu ukaendelea.

"Na kukitokea lolote," baba akaendelea, maana wanaume wakianza kufundisha hawasikii ungo, "kwanza kabisa ng'oa kichwa cha waya huu mweusi kwenye betri. Mengine baadaye."

Akaondoka. Nikabaki na mama, na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka mbele yangu kama mchanga.

Nieleze upweke wa bondeni, maana watu wa Kibiti wakisikia "shamba" wanadhani ni pikiniki. Dungu lililo karibu nasi ni la bibi mmoja, si bibi yangu wa damu, bibi wa jirani tu, na liko mbali kiasi kwamba unasikia sauti yake lakini huoni kama anacheka au analia. Washikaji zangu wa shule walibaki mjini wakicheza mpira. Mmoja alikwenda Dar kuuza mitumba, akanitumia salamu kwamba bondeni kunanuka, kana kwamba pua yake ilikuwa imebaki huku. Redio niliisikiliza asubuhi mpaka jioni, hata matangazo ya vifo vya watu nisiowajua, betri ya nyuma ikachoka ikafa. Baada ya hapo palikuwa na upepo, na ndege, na mama.

Na mama si mtu wa maneno. Kazi yake ni kusikiliza. Upepo ukivuma kutoka Ndundu, mlio wa malori yanayoshuka kwenye pantoni unafika mpaka kwetu, mwembamba kama wa mbu. Mama akiwa anapalilia, anasema, "Si lake," bila kuinua kichwa. Linakuja jingine. "Si lake." Siku moja mlio ulikuja, mama akanyamaza, jembe likabaki juu. Nikangoja. Mlio ukavuka, ukapanda ng'ambo, ukaishia njia ya Lindi. Mama akashusha jembe.

Mimi nilianza kuzungumza na ndege. Niliwapa majina ya walimu wetu. Yule anayekula bila kutazama pembeni ni mwalimu wa hesabu. Yule anayepiga kelele wenzake wakila ni mwalimu mkuu. Hata hivyo ukimtukana mwalimu mkuu mara kumi na hakuna wa kucheka, utani unaoza mdomoni.

Ndiyo maana nikatengeneza honi.

Nilichoka kuvuta makopo. Nikawaza: honi ya gari hili inasikika mpaka Ikwiriri, imekaa bure, na ndege wanakula. Nikang'oa waya kwenye feni ya mle garini, ile isiyokuwa na umeme tena. Nikauanzia kwenye boksi la fyuzi, upande wa betri ya mbele, ile tuliyoambiwa tusichote, nikaupitisha ukingo wa mlango mpaka nje, kisha nikaurudisha kwenye honi. Katikati niliacha misumari miwili. Kamba ya makopo ikivutwa, misumari inagusana, na honi inalia.

Mara ya kwanza ilipolia ndege wote wa bonde waliruka pamoja, anga ikawa nyeusi. Bibi wa jirani akapaza sauti kutoka dunguni kwake.

"We mume wangu! Umenunua meli?"

Kwetu bibi humwita mjukuu mume, na mjukuu hana budi kujibu kama mume.

"Ndiyo, mke wangu! Fungasha, tunakwenda fungate Unguja!"

"Na meno haya nitakula nini huko?"

"Nitakutafunia!"

"Shetani wewe!" akacheka, na safari hii nilisikia vizuri kwamba anacheka. Nikapiga honi nyingine ya bure kwa ajili ya kicheko hicho tu. Alikuwa mtu wa kwanza kucheka nami tangu shule ifungwe.

Basi nikawa napiga honi hata ndege wasipokuwepo. Fyuzi ikakatika. Sikujiuliza kwa nini imekatika. Mtu mwenye akili angejiuliza, angeona ule waya wa feni unavyosuguliwa na ukingo wa mlango kila kamba ikivutwa, ngozi yake imechubuka, shaba inachungulia. Mimi nikatafuta karatasi ya sigara.

Moshi ulianza asubuhi yenye umande. Nilikuwa shambani, nikasikia harufu kama ya kandambili iliyoangukia jikoni. Nikageuka, nikaona moshi unatoka madirishani mwa nyumba yetu, mweupe kwanza, halafu wa kahawia. Nikasimama. Nasema kweli, mimi msemaji wa darasa zima, nilisimama kama kinyago cha kuogofya ndege.

Mama alipita mbele yangu akikimbia. Alifungua boneti, akazungushia kanga mkononi, akashika kile kichwa cha waya mweusi kwenye betri ya mbele, akavuta na kutikisa, akavuta na kutikisa mpaka kikang'oka. Halafu akarudi nyuma, akakaa chini kwenye matope akitazama. Moshi ukapungua. Kumbe siku ile ya mafundisho, ungo ulipokuwa ukipeta, masikio yalikuwa yakifanya kazi yake.

Hakunipiga. Hakunitukana. Aliniambia, "Fungua madirisha," akaenda kunawa mikono. Ingekuwa heri anipige.

Ndani, nyuma ya dashibodi, fungu zima la nyaya lilikuwa limeyeyuka likashikana kama tambi zilizosahaulika jikoni. Gari halikuwa na taa, halikuwa na stata, halikuwa na kitu. Na lilikuwa bondeni, na mvua zilikuwa zinakaza.

Mama akatembea mpaka pantoni, akamwambia utingo wa lori linalokwenda Dar: mwambie baba watoto gari limeungua nyaya. Maneno hayo tu. Lakini habari ikisafiri na lori hupakia abiria njiani. Huyo utingo akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia dereva, na ilipofika Dar gari lilikuwa limeungua, na dungu limeungua, na ndani walikuwemo watu.

Sijawahi kumwona baba akikimbia. Dereva hakimbii, akikimbia anadharau gari. Siku hiyo nilimwona akija juu ya tuta la shamba, viatu mkononi, suruali imeloa mpaka mapajani, mdomo wazi. Akamwona mama amesimama mlangoni, mzima, ana mwiko mkononi. Akasimama. Akavaa viatu, polepole, kwenye matope hayo hayo, akaja akitembea kama mtu aliyekuwa akitembea tangu mwanzo.

"Nani kafa?" akauliza, pumzi juu.

"Fyuzi," nikasema.

Baba akakaa kwenye ngazi ya gari, akafunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko. Mama aliingia ndani. Alitoka na maji ya kunawa na sahani ya wali wa nazi na kambale, na kambale huyo mimi nilikuwa nimeambiwa ni wa kesho.

Tajiri wake alimpa ruhusa ya kuja kuzika. Baba alipoona hakuna wa kuzika, alisema ruhusa hiyo ataitumia kulitengeneza gari na kulipandisha barabarani kabla maji hayajaja, halafu atarudi kazini. Alilisema jambo hilo akila. Sote watatu tulielewa: gari likiwaka, anaondoka.

Siku zilizofuata ndizo sababu ya kuandika haya.

Baba alinining'iniza kichwa chini, mvunguni mwa dashibodi, kama popo, akaniambia nikate kila waya ulioungua, si kuufunika kwa tepu. "Waya ulioungua ukiufunika umeuvika kanzu tu," akasema. "Ndani bado ni mwizi." Tuliweka nyaya mpya alizokwenda kununua Ikwiriri, moja moja, kila mmoja na unene wake. Pale waya unapopita kwenye tundu la bati, akasema lazima pawe na mpira, bati lisije likaula. Mpira hatukuwa nao. Akatazama miguu yangu, akachukua kandambili yangu moja, akaikata vipande. Nikachechemea na kandambili moja kwa siku zote zilizobaki, na bibi wa jirani akapaza sauti kuuliza kama mume wake amepata ulemavu kabla ya fungate.

Aliniwekea fyuzi mpya kiganjani. "Ikikatika, ishukuru, halafu tafuta kilichoiua. Huibadilishi kabla hujakipata. Na humpi nafasi yake mtu mwingine asiye na saizi yake." Alisafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto na brashi, akavipaka grisi. Betri ya nyuma alikwenda nayo mwenyewe begani mpaka Ikwiriri kwenye jenereta la kuchajia, akarudi nayo begani. Ule waya wa feni niliounga akauning'iniza mlangoni, niwe nauona kila nikiingia.

Halafu akanionyesha jambo ambalo nilikuwa silijui kabisa. Chini ya injini kuna mkanda mpana wa nyaya za shaba uliosukwa, unatoka kwenye ule waya mweusi wa betri ya mbele na kufungwa kwenye chasi kwa boliti moja nene.

"Unaona? Kila kitu kwenye gari hili kina waya mmoja tu wa kwenda. Taa ina mmoja, honi ina mmoja, stata ina mmoja. Wa kurudi hakuna. Umeme unarudi kwa chuma chenyewe, chasi nzima ni njia ya kurudi, na mlango wake ni hii boliti. Wenyewe wanaiita ethi. Hapa pakiota kutu, taa zinafifia, stata inafanya tik, na fundi tapeli anakuuzia betri mpya."

"Kwa hiyo umeme lazima urudi ulikotoka?"

"Lazima. Usiporudi, hata kwenda hauendi."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Ulikuwa mzuri, mkali, kuhusu watu fulani na nyumba za tofali. Nikamwona mama nyuma yake, anachambua mboga, ameinamia mboga hiyo kuliko mboga inavyotaka. Nikaumeza. Sijui kama mnaelewa ni kazi gani kwa mtu kama mimi kumeza utani mzuri.

Tukakwangua kutu pale kwa msasa mpaka chuma kikang'aa kama sarafu. Baba akasema tutafunga boliti mwisho kabisa, baada ya kila kitu.

Jioni tulikaa watatu kwenye ngazi ya gari. Taa ndogo za nyumba, ambazo betri yake ina ethi ya kwake, zikawaka, redio ikarudi, na mama akasema! Alisimulia jinsi nilivyosimama shambani kama kinyago siku ya moshi, akaigiza, mikono hivi, mdomo hivi. Baba akacheka mpaka akakohoa. Sikujua kama mama anaweza kuigiza. Nina miaka hiyo yote ninaishi naye, sikujua. Malori yalipita pantoni na hakuna aliyesema "Si lake."

Asubuhi iliyofuata baba alisema nyaya zimebaki kidogo, mchana atawasha. Akatafuta suruali yake aliyokuja nayo, ndiyo moja aliyokuwa nayo. Ilikuwa kwenye kamba, inachuruzika. Mama ameifua alfajiri.

"Ilikuwa na matope," mama akasema.

"Nitaondokaje?"

"Itakauka."

Kwa mvua ile? Baba akajifunga kanga ya mama, akaingia chini ya gari. Bibi wa jirani hakukawia.

"Naona meli imepata nahodha! Tena ana kanga nzuri!"

"Shikamoo, bibi!" baba akajibu kutoka chini ya gari.

"Marahaba, mwanangu! Inuka basi tuone kama imekukaa!"

Siku hiyo hakuwasha. Akasema tungoje nguo. Kesho yake suruali ilikuwa karibu kukauka, na alfajiri nilimwona mama kwa macho yangu akiishusha kwenye kamba, akaitazama, akaichovya tena kwenye ndoo. Suruali ilikuwa safi. Hata doa la matope haikuwa nalo. Mama akaikamua, akaitundika, akanikuta ninamtazama dirishani. Nikajifanya napiga mswaki.

Siku ya tatu jua likatoka, jua kali, la kuudhi. Bibi wa jirani akapaza sauti kwamba maji yameingia mfereji wa chini, na anapandisha kuku wake dunguni. Baba akafunga boliti ya ethi, akaikaza kwa spana, akanawa. Akasema akiswali adhuhuri ataegemea kidogo, halafu alasiri tunapanda. Akaswali. Akalala kwenye godoro, mkono juu ya macho. Mama alikuwa shambani. Suruali ilikuwa kwenye kamba, inapeperuka, nyepesi.

Nikachukua spana.

Sikuwaza maji wakati ule. Niliwaza kwamba boliti ni nene lakini fupi, inaingia kiganjani, na kwamba ikiwa kiganjani mwangu, umeme hauna njia ya kurudi, na gari haliwaki, na mtu fulani haendi popote. Niliifungua. Nikaangalia mahali pa kuificha. Mfukoni ingeonekana, majini ingepotea. Makopo ya ndege yalikuwa yananing'inia pale, nikaitia kwenye kopo la maziwa, la kwanza toka garini, nikafunika na kokoto zake.

Baba alipoamka alikaa kwenye usukani, akasema bismillahi, akageuza ufunguo. Kimya. Hata tik haikusikika. Akageuza tena. Akashuka, akachukua taa ya kupimia, akaanza kutafuta jinsi alivyonifundisha: betri kwanza, fyuzi, nyaya. Alipofika kwenye mkanda wa ethi akaukuta unaning'inia.

"Boliti iko wapi?"

"Labda nyani," nikasema.

"Nyani ana spana?"

"Nyani wa siku hizi, baba. Biashara huria."

Hakucheka. Akapiga magoti chini ya gari, akaanza kupapasa matope, kiganja baada ya kiganja. Mimi nikapiga magoti naye. Nilitafuta kwa bidii kuliko mwenye boliti, nikanyanyua mawe, nikalaumu kutu, nikalaumu mchwa. Na wakati wote moyo wangu ulikuwa unaimba, kwa sababu alisema, nilimsikia mwenyewe, "Basi kesho nitakwenda Ikwiriri kutafuta nyingine." Kesho. Nikalirudia neno hilo mdomoni kama peremende.

Halafu nikamwona vizuri. Alikuwa ameacha kutafuta. Alikuwa amepiga magoti tu, anatazama chini ya gari kuelekea mtoni, ambako majani yalikuwa yanameta mahali ambapo asubuhi palikuwa pakavu. Maji hayakuwa na haraka. Yalikuwa yanakuja kama mgeni anayejua ataandaliwa chakula. Baba akapima kwa macho kutoka majini mpaka kwenye kichuguu, kisha akatazama mapazia ya mama, akasema polepole, "Kesho nisipoipata, na maji yakafika..."

Kule kwenye mpunga ndege wakashuka. Mama akaja upande wetu, akashika kamba, akavuta.

Makopo yote yalilia kama siku zote, isipokuwa moja. Kopo la maziwa husema cha-cha-cha. Leo lilisema kang.

Mama akasimama. Akavuta tena, taratibu, kwa vidole viwili, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kang. Mtu anayejua mlio wa lori moja kati ya malori yote ya njia ya Lindi, nilidhani nini? Akageuka akanitazama. Baba alikuwa bado amepiga magoti upande wa pili wa gari, hakuona.

Nilingoja aseme kwa sauti. Alikwenda kwenye kamba ya nguo, akashika pindo la ile suruali, akalisugua kidogo kwa dole gumba, kisha akaitoa. Akaikunja mara mbili, akailaza mkononi, akainyoosha kwa kiganja ingawa haikuwa na kikunyanzi. Akaja mpaka nilipokuwa, karibu, mpaka nikasikia harufu ya sabuni. Akaniambia:

"Kampe baba yako boliti yake. Nguo zake zimekauka."